Hakurudi, Hajarudi

Siku yangu ya kwanza kazini niliitwa, nikaleta ndoo.

Ilikuwa Jumatatu moja ya mwaka 2006. Kibanda chenyewe kilikuwa na kompyuta mbili, printa, na mashine ya fotokopi iliyotetema mpaka benchi la wateja likatetema nayo, hatua chache kutoka mahakamani Mombasa. Mwenye kibanda, mzee wa Kimvita ambaye wakubwa kwa wadogo walimwita Ami, alikuwa ndani akipanga karatasi. Akainua kichwa, akaniambia, "Ndoo!" Nikatazama huku na huku. Kando ya mlango palikuwa na ndoo ya maji ya kunawa, maana mifereji ilikuwa imekauka wiki nzima na maji tulinunua kwa mitungi kutoka kwa wenye mikokoteni. Nikaibeba, nikampelekea. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Ya nini hiyo?"

"Umesema ndoo, mzee."

Wateja wawili waliokuwa kwenye benchi wakaangua kicheko. Ami akawageukia: "Msimteke, mgeni huyu." Hapo ndipo nilipovurugikiwa kabisa, kwa sababu kuteka nilikokujua mimi ni kuteka maji, na ndoo ilikuwa mkononi mwangu.

Nilielezwa baadaye, kahawa tungu ikiwa mezani. Kwa Kimvita, Kiswahili cha wenyeji wa Mombasa, "ndoo" ni njoo, "kuteka" ni kucheka, macho ni "mato", mchele ni "mtele", na hiyo kahawa chungu niliyokuwa nikiikunjia uso ni "tungu". Asubuhi ileile nilikuwa nimepita Ndia Kuu, ile barabara kongwe ya Mji wa Kale, nikasoma kibao chake na kumsikitikia mchora vibao aliyekosea njia ya watu mahali pa wazi namna ile. Kumbe mchora vibao hakuwa na kosa.

Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba wenyewe hawachanganyi hizo "kuteka" mbili hata kidogo. T ya kuteka maji, ulimi hugota kwenye ufizi. T ya kuteka kwa furaha, ulimi husogea mbele ukagusa meno. Mimi nilisikia neno moja, wao wakasikia mawili. Na walinishangaa kweli, kama mtu angeshangaa umwambie kwamba huoni tofauti ya rangi ya embe bichi na embe bivu.

Kiswahili nilikuwa nacho, au ndivyo nilivyodhani. Nilitoka Kirinyaga na A ya Kiswahili kwenye cheti cha KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na cheti hicho ndicho kilichonipa kazi. Lakini Kiswahili cha shule kina asili yake Unguja. Mkutano ulioteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika mwaka 1928, na ulifanyikia papa hapa Mombasa. Ami alikuwa haishi kulitaja hilo. "Walikuja kwetu," alisema, "wakala mtele wetu, wakatagua lugha ya jirani."

Halafu kulikuwa na ulimi wangu wenyewe. Kikuyu chetu huandikwa bila herufi l, na th yetu husikika kama dh. Mtoto wa kwetu anaweza kuandika insha nzuri yenye methali zote zilizo sahihi, kisha akafungua mdomo na l zote zikatoka r. Shuleni haikunisumbua kwa sababu mtihani ulikuwa wa karatasi. Kibandani kazi yangu ilikuwa kusikiliza mtu akisema, na kuandika nilichosikia. Nilichosikia kilikuwa kimekwisha kupita kwenye ulimi wangu.

Wiki ya pili alikuja mama mmoja wa makamo, buibui safi, sauti ya upole, ana barua kwa mwenye nyumba. Kodi ilikuwa imechelewa. Alitaka kueleza kwamba mumewe anafanya kazi Jeddah na pesa huja, ila huja kwa hawala, yaani hupitia kwa mawakala, na hawala haina saa. Nikataipu upesi upesi, nikachapa, nikampa Ami akague. Ami alisoma, akafika katikati, akasimama. Akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia mfukoni, akamwambia yule mama, "Printa yasumbua, bibi. Ningoje kidogo." Akanivuta kando na kunionyesha kwa ukucha. Nilikuwa nimeandika: "Mume wangu hunitumia hawara kila mwisho wa mwezi."

Kwa asiyelijua neno hilo, hawara ni mpenzi wa nje ya ndoa. Fikiria mwenye nyumba akiisoma barua hiyo, kisha fikiria mtaa mzima, maana barua za kodi Mombasa hazikai na mtu mmoja.

Kompyuta isingeniokoa. Siku hizo ilipiga mstari mwekundu chini ya kila neno la Kiswahili, zuri na baya, kwa hiyo ukurasa mzima ulionekana kama umechinjiwa kuku juu yake. Na hata leo ungeipa programu inayojua Kiswahili, hawara ni neno halali, limo kamusini, lina haki zake. Kosa la namna hii halina sura ya kosa. Mahali na mahari, fahali na fahari, kula na kura, yote ni maneno kamili, na sentensi hukubali lolote kati yake bila kugutuka.

Ami alinipa zoezi. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza: lala, rarua, lulu, ruhusa, halali, harara. L, ulimi ugote na ukae. R, ulimi upige na upite. Nilijiona mjinga. Wauza kahawa walikuwa wakipita wakiniitikia. Baada ya miezi miwili hivi sikio ndilo lililobadilika kwanza, ulimi ukafuata kwa kusuasua.

Th na dh zilinichukua muda mrefu zaidi, na zilikaribia kuleta vita. Ndugu wanne walikuja kuandikisha makubaliano ya nyumba ya marehemu baba yao, nyumba ya Majengo, wakitaka iuzwe wagawane. Mkubwa wao ndiye aliyekuwa akisitasita, na siku hiyo alikuja akiwa amelegea. Akasema: "Andika, mimi kama mtoto mkubwa nimeridhi." Nikaandika. Nikachapa nakala nne, kila mtu na yake. Dada yao mdogo alikuwa msomaji wa haraka.

"Nani amerithi?"

Kimya.

"Nauliza, nani amerithi? Peke yake?"

"Nimesema nimeridhi!" kaka akafoka.

"Hapa pameandikwa umerithi. Mimi naona kwa mato yangu."

Ilibidi Ami atoke nje na sinia la kahawa. Nilipochapa upya mikono ilikuwa ikinitetemeka, na nilichapa nakala sita badala ya nne.

Jioni ile alichukua penseli akaniandikia maneno mawili kwa herufi za Kiarabu, zile ambazo Waswahili waliandikia lugha yao kwa karne nyingi kabla ya herufi za Kizungu. Radhi, yenye dhadi, nukta moja juu. Urithi, yenye thee, nukta tatu juu. Mimi sisomi Kiarabu, lakini nukta nazijua kuhesabu. "Waona?" akasema. "Kwetu hazikuwa na haja ya kufanana. Ni nyinyi mliozivisha nguo moja." Kisha akanipa kanuni ambayo naitumia mpaka leo: ukipotea kwenye kitendo, rudi kwenye jina. Ridhi imetoka kwenye radhi, rithi inakwenda na urithi, na hakuna mtu anayechanganya radhi ya mamake na urithi wa mamake.

Kanuni hiyo ilinisaidia kwa mengi. Dhamini na thamini: moja ina dhamana, nyingine ina thamani, na karibu na mahakama tofauti hiyo ni mtu kulala nyumbani au kulala rumande. Tuhumu na shutumu, ambazo hata waandishi wa magazeti huzikoroga: tuhuma ni shaka tu, shutuma ni lawama iliyokwisha kutamkwa. Ipo jozi moja ambayo hadi sasa huniduwaza kidogo kabla ya kugusa kibodi, nayo ni adhimisha na azimia. Sijui kwa nini hiyo.

Yako maneno ambayo hata herufi haziwezi kuyatenganisha. Siku moja ya mvua, hakuna wateja, Ami alikata ukanda mwembamba wa karatasi, upana wa kidole, akaushika mbele ya midomo yangu. "Sema paa." Nikasema. "Lipi hilo, la nyumba au la mwituni?" Nikamwambia ni neno moja lenye maana mbili, tumefunzwa hivyo, linaitwa kisawe, hapana, kitate, hapana… Akauhamishia ukanda kwenye midomo yake. Akasema paa la nyumba: karatasi ikatulia. Akasema paa wa mwituni: karatasi ikaruka. Kaa la moto, karatasi imetulia. Kaa wa baharini, mwenye magando, karatasi ikaruka. Kupaka rangi, kimya. Paka anayelia nyau, karatasi ikapepea. Nilimnyang'anya ule ukanda na kuushika mwenyewe karibu na mdomo wake nikidhani anapuliza kwa hila. Hakuwa akipuliza. Pumzi ile imo ndani ya neno. Aliyejua sarufi angekwambia kwamba paa wa mwituni, kaa wa baharini na paka wote ni wa ngeli ile ya N, na kwamba pumzi hiyo ni alama ya n au m iliyokuwa mbele yao zamani ikapotea. Ami hakuwa na habari za ngeli. Alikuwa na karatasi.

(Jina nililokuwa nikilitafuta siku ile, nililikumbuka usiku: homonimu. Kitate na kisawe ni vitu vingine kabisa. A ya KCSE.)

Na tembo? Bara tembo ni mnyama. Mombasa mnyama yule ni ndovu, na tembo ni kinywaji kinachogemwa mnazini. Nilipowaambia vijana wa mtaani kwamba nimepiga picha chini ya pembe za tembo, zile kubwa za Moi Avenue, mmoja akaniuliza kwa utaratibu kabisa tembo limeota pembe tangu lini.

Haya yote hayakumdhuru mtu. Lile la seremala ndilo lililomdhuru.

Alikuwa fundi kutoka Likoni, mtu wa maneno machache, anavuka na feri kila asubuhi na sanduku lake la vyombo. Alimtengenezea bwana mmoja wa Kisauni milango sita na fremu zake, akalipwa nusu, akazungushwa miezi minne. Salio lilikuwa shilingi 18,000. Alitaka barua ya madai kabla ya kwenda kwa wakili. Fundi hakusoma, alieleza, nikaandika, akatia dole gumba. Nilikuwa na mtindo wangu wa barua hizo tayari kwenye kompyuta, juu pana nafasi mbili za majina: Mdai, na chini yake Mdaiwa. Nikayajaza. Siku hiyo kulikuwa na foleni.

Siku tatu baadaye yule bwana wa Kisauni alimfuata fundi hadi kazini kwake, mbele ya vijana wake, akiipeperusha barua. Ilisema kwamba mdaiwa amlipe mdai shilingi 18,000 kabla ya mwisho wa mwezi. Mdaiwa, kwa mujibu wa barua hiyo, alikuwa fundi, na dole gumba lake lilikuwa pale chini likikubali. Herufi w ilikuwa imeangukia jina lisilo lake, na deni zima likahama likafuatana nayo.

Fundi hakunipigia kelele. Alikuja akakaa kwenye benchi, akaweka barua mezani, akanyamaza muda mrefu. Kisha akasema: "Bwana mdogo, mimi nikikupachikia mlango juu chini, utanilipa?"

Nilimwandikia barua nyingine, nikamlipa kibarua cha siku aliyoipoteza, na Ami akampelekea yule bwana barua mpya kwa mkono wake mwenyewe akaeleza kosa ni la nani. Pesa zililipwa hatimaye, kwa vipande. Mimi nilifuta ule mtindo wa nafasi mbili kwenye kompyuta. Tangu hapo naandika "anayedai" na "anayedaiwa", maneno marefu, na kabla ya kuchapa namsomea mtu kwa sauti. Mwajiri na mwajiriwa, mshtaki na mshtakiwa, mrithi na mrithiwa: ile w ndogo humgeuza mtenda akawa mtendwa, nami siiamini tena nikiwa na haraka.

Wakati huo M-Pesa ilikuwa imeingia, mwaka 2007, na nchi nzima ikawa inaandikiana habari za pesa kwa vidole gumba. Nilimpa ndugu yangu shilingi 2,000 amtumie mama za mbolea. Akanijibu kwa ujumbe: "Pesa za mbolea nimetumia." Nilimwita mwizi. Nilimwita mengine pia. Hatukusemezana wiki mbili, mpaka mama aliponipigia kushukuru kwa mbolea na kuuliza kwa nini tumenuna. Ndugu yangu alikusudia "nimemtumia". M moja imekosekana, na kutuma kumekuwa kula.

Sasa nifike kwa yule bibi, ambaye ndiye aliyenifanya niandike haya.

Lakini kwanza neno juu ya "hajakuja". Kwetu bara tunasema hivyo: fulani hajakuja. Nilikuwa nimelisema maisha yangu yote. Ami alipolisikia mara ya kwanza aliweka kikombe chini. "Hajakuja ni nini, yakhe? Mlango umeufunga au umeuwata wazi?" Mswahili husema hakuja, au husema hajaja. Hakuja: muda wake umepita, imekwisha hiyo. Hajaja: bado, tazama njiani. Ku ya "amekuja" na "atakuja" ipo kwa sababu kitenzi chenyewe, ja, ni kifupi mno, kinahitaji kushikwa mkono. Kwenye "hajaja" haihitajiki. Sisi tunaizoa kutoka huko na kuipachika, tukapata neno lililobeba ja na ku pamoja. Kwenye barua za madeni Ami hakukubali kamwe "hakulipa". Ukiandika hakulipa, alisema, wasimulia hadithi. Andika hajalipa, deni liwe macho.

Nililielewa hilo kama kanuni ya kazi. Kama vile kutia tarehe juu kulia.

Bibi alikuja mwaka 2011, mtu wa Kibokoni, na bintiye amemshika mkono kwa kuwa macho yalikuwa yamefanya ukungu. Mwanawe wa kiume alikuwa baharia. Aliondoka Kilindini mwaka 2002, akapiga simu mara ya mwisho kutoka Karachi, na tangu hapo hakuna sauti wala barua. Kulikuwa na nyumba, kulikuwa na fungu lake ndani ya nyumba hiyo, na watoto wengine walikuwa wamechoka kungoja. Sheria ya ushahidi ya Kenya huruhusu mtu asiyesikika kwa miaka 7 na wale ambao wangetarajiwa kumsikia achukuliwe kuwa amekufa. Yeye alikuwa amefikisha 9. Wakili alitaka kwanza maelezo ya mama mtu, kwa lugha yake, mengine atayapanga yeye.

Bibi alieleza vizuri, bila machozi, kwa mpango. Alizaliwa wapi, alisoma wapi, alianza bahari na umri gani, alikuwa amevaa nini siku ya kuondoka. Niliandika karibu ukurasa. Mwisho nikamsomea, kama nilivyojizoesha tangu ya seremala. Nilipofika "na tangu siku hiyo hakurudi", aliinua mkono.

"Sikusema hivyo."

Nikatazama kioo. "Umesema aliondoka mwaka 2002…"

"Hapo sawa. Hilo la mwisho. Mimi nalisema hajarudi."

Bintiye akasema kwa upole, "Mama, neno moja tu hilo."

"Basi kama ni moja tu, na aliandike."

Sikumwandikia mara moja, na hilo ndilo nisilojivunia. Nilianza kumweleza. Nilimwambia kwamba miaka ni mingi, kwamba wakili atapenda habari iliyonyooka, kwamba maana ni ileile. Mimi, mtu wa kusahihishwa "hajakuja", nikamfunza bibi wa Kibokoni maana ya ja na ku. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Ukisema hakurudi," akasema, "mtu ataniuliza matanga yalikuwa lini. Utamjibu wewe?"

Ami alikuwa nyuma yangu. Sikumsikia akija. Hakusema neno, alinyoosha kidole tu juu ya bega langu, akagusa kioo pale penye k.

Nikafuta herufi mbili, nikatia mbili. Hakurudi ina herufi 8, hajarudi ina 8. Mstari haukusogea hata kidogo, ukurasa ulibaki kama ulivyokuwa. Nikachapa. Bintiye alikuwa ameugeuzia uso wake barabarani.

Bibi alitia dole gumba, akafuta wino kwenye pindo la leso, akatoa shilingi 50 za ukurasa mmoja, ambazo Ami alikataa kuzipokea. Kabla ya kuinuka aliishika ile karatasi karibu kabisa na macho yake, akaiinamisha huku na huku penye mwanga.

"Liko wapi lile neno?"

Nikamshika kidole, nikakiweka chini yake, mstari wa pili kutoka mwisho. Akapapasa kutoka mwanzo wa neno hadi mwisho wake, polepole.

"Ni fupi hivi?" akasema.